Mifereji Sitini na Mwanyumba Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mama mkwe ametangaza kazi mpya. Nitaandika kila kitu, maana siku nikikalia kiti cha ofisini watu watataka kujua nilianzia wapi.

Asubuhi alikuja mwenye studio ya filamu za katuni, ile iliyo juu ya duka la vitambaa. Macho mekundu, sauti imekauka. Ana kompyuta nane zinazochora kutwa kucha. Zinachemka, feni zinanguruma, na msanii akirekodi sauti ya sungura, sungura anasikika kama anaishi ndani ya jenereta. Sasa anataka kompyuta zipozwe kwa maji. Rejeta za kupozea maji anazo, mipira ya kuyapitisha anayo. Anachokosa ni bloku. Za dukani hazikai kwenye mashine zake za zamani.

Bloku si kitu cha ajabu. Ni kipande cha shaba nyekundu, kikubwa kama kiberiti, kinachokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaochemka. Kitako bapa, ndani mifereji, juu kifuniko chenye matundu mawili. Maji yanaingia huku, yanabeba joto, yanatokea kule. Mimi nimekereza gia za mashine za unga. Hiki ni kiberiti tu.

Mama mkwe ndiye mwenye karakana, kwa hiyo kwangu ni mama mara moja na bosi mara mbili. Akasema zitengenezwe mbili kwanza: moja nitengeneze mimi, moja mwanyumba wangu. Itakayoshinda ndiyo itakayotolewa nane. Halafu, akipangusa miwani yake, akaongeza kwamba magoti yamechoka na ngazi za ofisini, na kwamba kazi hii itamsaidia kujua nani akae wapi.

Nani akae wapi! Ofisini kuna kiti kimoja, mlango mmoja, ufunguo mmoja. Nilielewa papo hapo. Mwanyumba alikuwa ameinama anaokota vipande vya shaba sakafuni, sidhani hata alisikia.

Niseme kidogo juu ya huyu mtu. Tumeoa nyumba moja: mimi dada mkubwa, yeye dada mdogo. Nilimtangulia miaka sita. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika tupa. Karakana nzima inamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kukimbilia kitu, hata chakula. Na bado kila kazi ikitoka safi utamsikia mama mkwe akisema, huu ni mkono wa Taratibu. Mkono wangu haujawahi kutajwa. Nina miwili, na yote mizima.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Mmoja atakaa ofisini.

Jumanne, 4 Machi

Siri ya bloku nimeshaijua. Ni kuta. Maji huchukua joto kwa kugusa shaba. Ukiongeza kuta, umeongeza mahali pa kugusa. Kwa hiyo mifereji iwe mingi, na ili iwe mingi lazima iwe myembamba.

Nikapita kwenye meza ya Taratibu nikijifanya natafuta brashi. Amechora mifereji ishirini na nane. Imenyooka kutoka ncha hadi ncha, mipana kiasi kwamba sisimizi wanaweza kupishana. Nilikaribia kumhurumia. Nilikuwa nimechora thelathini na sita. Nikaifuta, nikaandika sitini. Kwa nini sitini? Kwa sababu ukiitamka inajaa mdomoni.

Kila mfereji theluthi moja ya milimita. Gurudumu la kukatia ni jembamba kama wembe.

Jambo moja limeniharibia siku. Mke wangu ndiye mpimaji wa karakana. Hakuna kipande kinachotoka bila kupita kwenye kalipa yake, kile chombo cha kupimia unene. Wakati wa chai ya saa nne nikamuuliza kwa upole, hivi kitako cha bloku ya shemeji yake kina unene gani. Akasema vipimo vya mtu ni vya mtu. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume wake. Akasema saa za kazi yeye ni mpimaji. Na nyumbani je? Akasema nyumbani hakuna kalipa.

Mke wangu wa ndoa anajua vipimo vya mwanamume mwingine, na mimi ananificha. Mchana nimekula bila hamu. Nilimaliza, lakini bila hamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimevunja magurudumu matatu. La nne linavumilia. Mifereji arobaini na moja imekamilika.

Kila nikivunja gurudumu, Taratibu anainua kichwa. Anainua kichwa tu, anakiinamisha tena. Afadhali angecheka, ningejua la kumjibu.

Nimepata mbinu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi nitamsifu mpaka aharibu. Nikaenda kwenye meza yake, nikasema mbele ya watu kwamba sijawahi kuona mifereji iliyonyooka namna ile. Nikasema mkono wake una baraka. Nikasema angeweza kuacha hivyo hivyo, hakuna haja ya kusafisha zaidi, imetosha.

Macho yakamlengalenga machozi, kweli kabisa. Akaniambia kwamba tangu aoe katika ile nyumba hajawahi kunisikia nikimsifu. Halafu akachukua msasa laini akaanza kusafisha upya kila mfereji, mmoja mmoja, kwa sababu, alisema, hataki kuniangusha.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, mnaona mtu anayesifiwa na bado ananyenyekea? Huu ndio mkono wa Taratibu.

Sifa zangu mwenyewe! Nimezitoa mfukoni mwangu, na amezivaa yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya furaha na ya balaa. Nianze na furaha.

Sitini imetimia saa tano asubuhi. Imepimwa. Mke wangu alikuna kichwa, akaangalia mara mbili, akasema kazi ni safi. Alitamka polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Tukajaribu. Prosesa yetu ya majaribio ni pasi kuukuu ya mama mkwe, tumeigeuza juu chini, tumeifunga kwenye jiliwa. Bloku unaikandamiza juu yake, unawasha, unapitisha maji, unasoma joto. Kwa pampu tulitumia ile kubwa ya mashine ya kuchonga. Ya Taratibu: digrii hamsini na sita. Yangu: hamsini na mbili. Digrii nne! Nilizunguka karakana nikitafuta kitu cha kufanya ili watu wanione natembea.

Sasa balaa. Saa nane mwenye studio akaleta pampu zake. Ametoa moja kwenye boksi, ndogo, unaweza kuificha ndani ya ngumi. Nikamuuliza kama hii ni ya mtoto wake. Akasema amezichagua makusudi, hazisikiki, kelele ndiyo iliyomleta kwetu.

Tukafunga pampu ndogo. Ya Taratibu: hamsini na nane. Yangu: sitini na tatu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bloku yangu kama machozi ya mtu aliyelazimishwa kulia. Mifereji myembamba inataka msukumo, na ile pampu haina msukumo. Hapo nikaelewa kwa nini sisimizi wa Taratibu wanapishana.

Mke wangu akasema, kwa sauti ya mpimaji, kwamba kuna njia mbili. Ama nipunguze mifereji, ama tumshauri mteja anunue pampu kubwa. Pampu kubwa inanguruma, kwa hiyo ni njia moja. Nipunguze!

Mtu ametangaza sitini kwa watu wote, mpaka muuza magazeti wa kona anajua, halafu arudi aseme thelathini? Kamwe. Nitapunguza kitu kingine. Nitapunguza kitako. Joto lisitembee safari ndefu ndani ya shaba; likitoka kwenye prosesa tu, liyakute maji mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekichonga kitako kutoka milimita tatu hadi moja. Kikawa chepesi, kizuri, kinaimba ukikigonga.

Nikakaza skrubu nne za pembeni. Digrii sabini na mbili.

Nikakaza zaidi. Sabini na sita. Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Themanini, na mpira wa duara unaoziba kifuniko ukaanza kutema maji kwenye shati langu.

Taratibu akaja, akaomba ruhusa, akafungua. Kati ya shaba na pasi tunapaka dawa nyeupe ya kupitishia joto, nayo inaacha alama. Akanionyesha: alama ilikuwa nene katikati, na pembeni imefutika. Maana yake kitako kimepinda. Ukikaza pembe, katikati panainuka, na katikati ndipo penye moto. Kitako kinene kinachelewesha joto kidogo, akasema, lakini hakikunji mgongo. Alisema bila kunitazama usoni, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo kimefunguka.

Halafu akafungua droo yake akanipa kipande chake cha akiba cha shaba, safi, cha unene kamili. Akasema yeye hana haja nacho.

Hana haja nacho! Mtu asiyehitaji akiba ni mtu ambaye hajavunja kitu. Alitaka kunieleza hivyo, na amechagua kunieleza kwa zawadi ili nisiweze kujibu. Nimekichukua. Shaba haina kosa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekata sitini upya, kitako milimita tatu. Gurudumu moja tu limevunjika. Kwa hiyo nimerudi nilipokuwa Alhamisi, digrii sitini na tatu, nikiwa maskini wa magurudumu.

Nikaamua basi angalau nimshinde Taratibu kwa sura. Yake ina kifuniko cha shaba ya njano, butu. Nikatengeneza changu cha alumini, nikaking'arisha mpaka nikaona meno yangu. Mwenye studio ni mtu wa picha, atapenda.

Mama mkwe akakishika, akajitazama, akakirudisha mezani. Akasema alumini na shaba haziwekwi kwenye maji mamoja. Zitakaa kimya mwezi, miezi miwili, kumbe moja inaliwa na mwenziwe polepole, na inayoliwa ni ile inayong'aa. Akaendelea kunitazama. Nikamjibu kwamba nimeelewa, Mama, nitatumia shaba ya njano. Bado akanitazama. Sijui alitaka nini zaidi.

Lakini hasira ni shule. Nilikaa na kile kifuniko cha njano nikiwa sina la kupoteza, ndipo likanijia. Kwa nini maji yaingie ncha hii yatokee ncha ile? Nikapasua mwanya mwembamba katikati ya bamba la chini ya kifuniko, juu ya mifereji. Maji yanashuka katikati, penye moto mkali, yakiwa bado baridi. Kisha yanagawanyika, nusu kushoto, nusu kulia. Kila nusu ina safari fupi, kwa hiyo hata pampu ya mtoto inaweza kuyasukuma.

Digrii hamsini na saba! Yake hamsini na nane!

Nilijaribu pia kubadilisha mipira, maji yaingie pembeni yatokee katikati. Ikapanda digrii kumi na mbili. Kumbe bloku ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Sijaandika popote tundu la kuingilia ni lipi. Siri hii imo kichwani mwangu na katika daftari hili tu.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, familia yote. Taratibu amepewa mnofu mkubwa kuliko wangu. Mke wangu anasema ilikuwa sawa. Nikamwambia wewe si mpimaji, hapa hakuna kalipa. Hakunisemesha njia nzima tukirudi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo tumefunga bloku kwenye studio. Kompyuta mbili zimewekwa sambamba mezani chini ya dirisha, zimefunguliwa mbavu. Yangu kushoto, yake kulia. Tumefunga rejeta, pampu, mipira, yote makavu. Maji tutajaza kesho asubuhi mbele ya Mama na mteja.

Taratibu akaniuliza kwangu maji yanaingilia tundu gani, asije akakosea wakati wa kujaza. Nikamwambia mambo mengine ni ya utaalamu, ataelewa siku nyingine. Akasema sawa kaka.

Sawa kaka. Hata hakukasirika. Ninyi mnaoishi na mtu asiyekasirika mnajua taabu yake.

Basi nikaanza kufikiri. Hamsini na saba kwa hamsini na nane. Digrii moja. Je, kesho dirisha likiwa wazi upande wake? Je, dawa nyeupe imekaa vizuri zaidi kwake? Miaka kumi na tisa nimeitumikia karakana ile. Nimeondoka nyumbani kwa mama yangu mzazi nikawa mtu wa nyumba ile. Leo nikose ufunguo kwa digrii moja?

Wakashuka wote. Nikasema nabaki kupangusa meza. Nikabadilisha mipira yake: ya kuingilia nikaweka kwenye kutokea, ya kutokea kwenye kuingilia. Dakika tatu. Kama yangu ilipanda digrii kumi na mbili, yake itapanda angalau nane.

Si uharibifu. Hakuna kilichovunjika. Nimegeuza tu.

Jumanne, 11 Machi

Mkono unaniuma kwa kuandika hili, lakini nitaandika.

Saa tatu tulikuwa wote pale: Mama kwenye kiti, mke wangu na kipimajoto, mwenye studio, Taratibu aliyefika kabla ya wote kama kawaida yake, na mimi. Tukajaza maji. Kompyuta zote mbili zikapewa kuchora tukio moja la katuni, sungura anavuka mto. Ukimya ulikuwa mtamu, nikasikia saa ya ukutani.

Baada ya nusu saa mke wangu akasoma; kompyuta ni kali kuliko pasi yetu. Ya kulia, ya Taratibu: sabini na moja. Ya kushoto, yangu: themanini na nne. Kompyuta yangu ikaanza kupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Sungura wangu akakwama katikati ya mto, mguu mmoja juu.

Nikainama. Nikaona mipira yangu. Imegeuzwa! Maji yanaingia pembeni, yanatokea kwenye mwanya. Damu ikanipanda. Nikanyooka, nikauliza kwa sauti mbele ya wote ni nani mwenye roho mbaya aliyegeuza mipira yangu. Nikasema huu ni uadui. Nikasema mtu anayeweza kugeuza mipira ya mwenzake kisirisiri hafai kukaa chumba kimoja na watu. Nilisema mengi, na kwa ufasaha.

Taratibu akainua mkono kama mwanafunzi. Akasema ni yeye, na anaomba msamaha kama amekosea. Asubuhi alipofika alikuta mipira yake imegeuzwa. Akajua ni mimi, kwa kuwa nilibaki nyuma, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua utaalamu wa maji yanakoingilia. Akafikiri nimeona kosa lake nikamsahihishia bila kumwaibisha. Halafu akatazama yangu, akakuta haijageuzwa. Akasema moyoni, kaka amehangaika na yangu mpaka akasahau ya kwake. Akanigeuzia.

Saa ya ukutani iliendelea. Mama alivua miwani. Mke wangu alikuwa anasoma kipimajoto ambacho alikwisha kukisoma.

Niliona haya. Haya ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Kwa sababu niliona usoni mwake kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado hajaelewa. Nikamwona anaelewa. Alichukua muda, ni mtu wa taratibu. Kisha akatazama chini, akasema kwamba bahati nzuri ya kwake mifereji imenyooka tu, haijali maji yanatokea wapi.

Mke wangu akaomba mipira yangu irudishwe, tupime tena, kwa haki. Tukapima. Ya Taratibu sabini na moja. Yangu sabini.

Nilikuwa nimeshinda. Toka Jumamosi nilikuwa nimeshinda.

Mwenye studio akauliza moja inachukua muda gani kutengeneza. Ya Taratibu nusu siku, yangu siku mbili na magurudumu. Akauliza ikiingia takataka je. Mke wangu akasema kweli tupu: nyuzi mbili za kitambaa zikiingia kwenye mifereji sitini, itabidi ifunguliwe ioshwe, kwenye ishirini na nane zinapita. Mteja akasema kwa ajili ya digrii moja, hapana, asante.

Jumatano, 12 Machi

Mama ameniita ofisini. Alipanda ngazi mbele yangu, akishika goti.

Aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba ufunguo umo ndani ya bloku. Nikamkumbusha maneno yake, nani akae wapi. Akasema alikuwa na maana ya mashine. Nani akae kwenye mashine ya kuchonga na nani kwenye kerezo, kwa zile nane. Ya ofisini aliyamaliza zamani.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo mpya, unameta, haujawahi kuingia tunduni. Aliuchongesha mwezi uliopita. Akasema mkono wa Taratibu ni wa kazi, hauna haja ya kiti, lakini wateja wananipenda mimi, nina maneno, nina miaka. Akasema ulikuwa wako, mwanangu.

Ulikuwa.

Akasema mtu anayekesha akimwangalia mwenzake hawezi kuangalia karakana. Nilisema ndiyo Mama. Akamwita mke wangu kutoka chini, akamkabidhi ufunguo mbele yangu, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha atatazama tena, na kati yangu na Taratibu atampa mwenye moyo uliotulia.

Nilishuka ngazi. Nilikaa kwenye meza yangu nikatazama bloku yangu kwa muda mrefu. Ni nzuri kweli. Ukiishika kwenye mwanga kuta zake zinaonekana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi la msasa. Taratibu akaniletea kitambaa safi akarudi zake.

Nimeapa leo. Wivu basi. Nimeandika kwa wino.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili ya mke wangu ofisini. Anafanya kazi vizuri, na si kwa sababu ni mke wangu ndiyo nasema.

Asubuhi Taratibu alinijia na kofia mkononi. Aliomba ruhusa kuchukua ule mwanya wangu wa katikati auweke juu ya mifereji yake ishirini na nane. Nikampa. Niliapa, nikampa. Tukajaribu kwa pampu ndogo. Digrii hamsini na tatu, yaani imetushinda sote wawili. Maji yanapita bila shida, na ni nusu siku tu kuitengeneza. Na tundu la kuingilia amelichongea mshale, kila mtu aone.

Mwenye studio alipokuja, Taratibu akamwambia wazi kwamba mwanya ni wa kaka. Kaka ndiye aliyeubuni. Mteja akanipa mkono. Mke wangu, mkuu wa karakana, akasema mbele ya wote kwamba nane zote zitatengenezwa hivyo. Nilifurahi sana. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa, kwa dakika nne hivi.

Halafu nikaona mteja anampa mkono Taratibu. Mikono miwili. Mimi alinipa mmoja.

Mke wangu naye amebandika ratiba ya kazi ukutani. Jina la Taratibu limeandikwa juu, langu chini. Nikamuuliza ni kwa herufi au kwa umri au kwa nini. Akasema Taratibu anaanza saa moja, mimi saa mbili, ni ratiba ya saa. Nikasema sawa. Tangu asubuhi amemwambia Taratibu asante mara tatu. Mimi mara moja, na hiyo ilikuwa ya kufunga mlango.

Sina wivu. Nilishaapa. Ninafikiria tu maneno ya Mama, kwamba ufunguo utakwenda kwa mwenye moyo uliotulia. Haki yangu iko hapo. Mimi nimetulia, na kila mtu ameniona nikitulia. Lakini huyu mwenzangu, nani amewahi kuupima utulivu wake? Hajawahi kupoteza kitu, hajawahi kuchelewa, hajawahi kuguswa. Mtu kama huyo anaonekana mtulivu bure, bila mtihani.

Kwa hiyo nimechukua penseli yake, kalipa yake na miwani yake ya kazi, nimevitia kwenye mfuko wa koti langu. Kesho saa moja, yeye akianza kuvitafuta, mimi nitakuwa nimeshafika. Tuone.